Maswali ya Wasomaji: Kombora Linalotoka Melini

Tangu meli za mizigo zianze kushambuliwa katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa mwaka 2023, wasomaji wetu wa Kigoma na Tabora wamekuwa wakituandikia kuhusu makombora ya kruzi, hasa yale yanayorushwa kutoka melini. Barua zifuatazo tumezifupisha bila kugeuza maana, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kibirizi. Redioni nasikia roketi, kruzi na balistiki kana kwamba vyote ni kitu kimoja. Kombora la kruzi lina injini ya namna gani, na linaijuaje njia ilhali halina nahodha?

Ndugu fundi, umeanza pale penye tofauti yenyewe, yaani kwenye injini. Kombora la balistiki husukumwa na roketi kwa dakika chache tu, likapanda juu sana, kisha injini ikazimika na kombora likaanguka kwa uzito wake kufuata mkunjo uliokwisha kuamuliwa tangu lilipoondoka. Roketi hubeba fueli pamoja na kemikali ya kuiunguza, ndiyo maana inaweza kufanya kazi hata mahali pasipo na hewa. Kombora la kruzi, kwa upande wake, huvuta hewa kama inavyovuta injini ya ndege ya abiria, lina mabawa mafupi, na injini yake hunguruma safari nzima tangu linapoondoka hadi linapogonga. Kwa hiyo, ukiliita ndege ndogo isiyo na rubani ambayo haikusudiwi kurudi, hutakuwa mbali na ukweli.

Tuchukue Tomahawk ya Marekani, ambayo imetumika sana vitani. Lina urefu wa takribani mita 5.5, unene wa nusu mita, uzito wa kilo 1,300 hivi, na kichwa chenye kilo zipatazo 450. Mwendo wake hauzidi ule wa ndege ya abiria, yaani kilomita 880 hivi kwa saa, na matoleo yanayotumika sasa hufika umbali wa kilomita 1,600. Melini hukaa ndani ya kasha, na kasha husimama wima katika shimo lililo chini ya sitaha. Amri ikitolewa, roketi ndogo iliyofungwa mkiani huwaka kwa sekunde kumi na mbili hivi na kulitoa kombora melini kwa moshi mwingi na kishindo, halafu hudondoka baharini. Hapo mabawa hukunjuka, mdomo wa kuvutia hewa hujitokeza tumboni, na injini ndogo ya turbofani huwaka. Zile picha za moto mkubwa tunazoziona kwenye televisheni ni za sekunde hizo za mwanzo tu. Safari iliyobaki haina moto wa kutazamwa. Si makombora yote ya kruzi yanayokwenda mwendo huo, kwani BrahMos, lililoundwa na India pamoja na Urusi, hukaribia mara tatu ya mwendo wa sauti, ingawa matoleo yake ya kwanza yalifika kilomita 290 tu.

Kuhusu njia, kombora hupangiwa safari yake kabla ya kuondoka, pamoja na vituo vya kukata kona. Juu ya bahari hutegemea vyombo vya ndani vinavyopima kila badiliko la mwendo na mwelekeo. Vyombo hivyo hupotoka kidogo kidogo kadiri muda unavyokwenda, na baharini hakuna alama ya kujisahihishia, hivyo masahihisho hufanyika kombora linapoingia nchi kavu. Nahodha wa mtumbwi anayerudi Kibirizi usiku huijua pwani yake kwa umbo la vilima. Kombora nalo hupima kwa rada urefu wa ardhi lililo juu yake, likalinganisha vipimo hivyo na ramani iliyo ndani yake, na likigundua limepotoka hujirekebisha. Njia hiyo ina udhaifu katika nchi tambarare isiyo na mabonde wala vilima, na wapangaji wa vita vya Ghuba vya mwaka 1991 walipata taabu kubwa na jangwa la Iraq kwa sababu hiyo. Karibu na shabaha, kamera ya kombora hulinganisha kile inachokiona chini na picha iliyohifadhiwa. Toleo lililoingia kazini mwaka 1993 liliongezewa GPS, na toleo lililofuata likaweza kupokea amri mpya kwa setilaiti likiwa angani, hata likazunguka mahali fulani kusubiri shabaha nyingine.

Zingatia, ndugu fundi, kwamba katika maelezo yote haya hakuna mahali ambapo kombora linajua ndani ya jengo kuna nini. Linajua mahali. Jambo hilo tutalihitaji tena katika barua ya mzee wa Ujiji.

Nafundisha Jiografia katika shule moja ya sekondari wilayani Kasulu. Mwanafunzi alidai darasani kwamba Urusi iliwahi kurusha makombora vitani kutoka ziwani, nami nikasita kumkubalia. Je, ni kweli? Na je, meli ya ziwa kama letu la Tanganyika inaweza kubeba silaha ya aina hiyo?

Mwalimu, mpe mwanafunzi wako alama zake. Tarehe 7 Oktoba 2015, meli nne za Urusi zilizokuwa katika Bahari ya Kaspi zilirusha makombora 26 ya kruzi ya aina ya Kalibr kwenda Syria, umbali wa takribani kilomita 1,500, yakipita juu ya Iran na Iraq. Kaspi huitwa bahari, lakini imezungukwa na nchi kavu pande zote, na wanajiografia wengi huihesabu kuwa ziwa kubwa kuliko yote duniani. Eneo lake ni zaidi ya mara kumi ya Ziwa Tanganyika. Maofisa wa Marekani walisema baadhi ya makombora yale yalianguka Iran kabla ya kufika, na Moscow ikakanusha.

Kilichowashangaza wachambuzi wa majeshi ya majini kilikuwa ukubwa wa meli zenyewe. Moja ilikuwa frigeti, yaani manowari ya ukubwa wa kati, iitwayo Dagestan, lakini tatu zilizobaki, Grad Sviyazhsk, Uglich na Veliky Ustyug, ni vyombo vya tani zisizofika 1,000, vyenye urefu wa mita 74, vilivyoundwa kwa ajili ya mito na maji ya kina kifupi, na kila kimoja hubeba makombora manane. Meli yetu ya Liemba, ambayo wanafunzi wako wanaijua, ina urefu wa mita zipatazo 70. Hadi siku ile watu wengi walidhani kwamba kupiga shabaha iliyo mbali kiasi hicho ni kazi ya manowari kubwa za bahari kuu. Waoneshe wanafunzi ramani ya Tanzania: kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi kidogo ya kilomita 1,000, kwa hiyo kombora la umbali ule lingepita juu ya nchi nzima, likaivuka Zanzibar, na bado lingekuwa na fueli. Safari hiyo ya Kigoma hadi Dar es Salaam ingelichukua saa moja na robo hivi.

Kwa nini Urusi ikaweka silaha nzito namna hiyo kwenye vyombo vidogo vya mtoni? Sehemu ya jibu iko katika mkataba wa mwaka 1987, uliotiwa saini na Ronald Reagan na Mikhail Gorbachev, ambao uliyapiga marufuku makombora ya nchi kavu yenye umbali wa kati ya kilomita 500 na 5,500. Mkataba ule haukuyagusa makombora ya melini. Gari lililobeba kombora kwenye ukingo wa mto Volga lingekuwa limevunja mkataba, ilhali boti yenye kombora lilelile, iliyotia nanga mita chache kutoka kwenye gari hilo, ilikuwa halali kabisa. Zaidi ya hayo, mfereji wa Volga na Don huziwezesha meli hizo kutoka Kaspi hadi Bahari Nyeusi. Mkataba wenyewe ulikufa rasmi mwezi Agosti mwaka 2019, kila upande ukimlaumu mwenzake.

Swali lako la pili lina historia hapa nyumbani. Liemba ilizaliwa ikiitwa Graf von Goetzen; iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliifunga mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyokuwa imezamishwa katika delta ya Rufiji. Mzinga ule ulifika kilomita 12 hivi, wala haukuweza kurusha risasi kutoka Kigoma hadi ng'ambo ya Kongo. Hata hivyo, kwa muda fulani meli ile ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko chombo kingine chochote ziwani, hadi ndege za Wabelgiji zilipoishambulia bandarini Kigoma mwaka 1916. Mwezi Julai mwaka huohuo Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito ili zisiharibike, na ndiyo maana Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliweza kuirudisha kazini miaka mitatu baadaye.

Basi ukiniuliza kama chuma na uzito vinaruhusu, nitasema ndiyo, meli ya ziwa yaweza kubeba. Lakini meli ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Kombora lahitaji ramani za urefu wa ardhi, picha za setilaiti za shabaha, watu wa kupanga njia na watu wa kuhakiki walichokipanga, na yote hayo hufanyika mbali na meli. Tena ziwa lenye upana wa kilomita 50 hivi halina mahali pa kujificha, kwani chombo chochote huonekana kutoka vilima vya upande huu na vya upande ule.

Mimi ni mzee wa Ujiji. Mwaka 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Dar es Salaam, tuliambiwa kwamba Wamarekani wamejibu kwa kukipiga kiwanda cha silaha huko Sudan. Baadaye wengine wakasema kilikuwa kiwanda cha dawa. Nieleze ukweli, mwanangu, maana damu iliyomwagika ilikuwa yetu.

Shikamoo, mzee wangu. Mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 yaliua watu 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi, wengi wao wakiwa Waafrika waliokuwa kazini au njiani. Siku kumi na tatu baadaye, tarehe 20 Agosti, meli za Marekani zilizokuwa Bahari ya Shamu na Bahari ya Uarabuni zilirusha makombora ya Tomahawk katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Mengi yalikwenda Afghanistan, kwenye kambi za mafunzo karibu na Khost, na Osama bin Laden hakuuawa. Mengine yalikwenda Khartoum, kwenye kiwanda cha Al-Shifa.

Kwamba Al-Shifa kilitengeneza dawa, mzee, hakuna ubishi. Kilikuwa kiwanda kikubwa cha dawa nchini Sudan, kilifunguliwa mwaka mmoja tu kabla ya kupigwa, na kilitengeneza dawa za binadamu na za mifugo. Ubishi ulikuwa kama humohumo kulikuwa na shughuli nyingine ya siri. Serikali ya Rais Bill Clinton ilisema sampuli ya udongo iliyochukuliwa karibu na kiwanda ilikutwa na kemikali inayotumika kutengeneza sumu ya kivita, na kwamba kiwanda kilihusiana na bin Laden. Wakosoaji, wakiwemo wataalamu wa Marekani kwenyewe, walihoji sampuli moja ingewezaje kubeba uamuzi mzito kiasi hicho. Ilijulikana pia kwamba kiwanda kilikuwa kimeuzwa miezi michache kabla, kwa mfanyabiashara Salah Idris, na maofisa waliopanga shambulio hawakuwa wamelijua hilo. Marekani ilizuia fedha zake, kisha mwaka 1999 ikaziachia alipokwenda mahakamani. Kesi ya kudai fidia ya kiwanda ilishindikana, kwani mwaka 2010 mahakama ya rufaa mjini Washington iliamua kwamba jambo hilo ni la kisiasa na si la majaji kulikata. Ushahidi wa kuonesha kwamba silaha za sumu zilitengenezwa pale haujawahi kuwekwa hadharani kwa namna iliyowaridhisha watu wasio wa serikali ile.

Maoni yangu, nawe mzee unaweza kuyakataa, ni kwamba siku ile makombora ya Khartoum hayakukosea shabaha yake. Yalisafiri usiku mamia ya kilomita, yakaingia katikati ya jiji, yakakipiga kiwanda kilekile kilichoandikwa kuwa shabaha. Kilichokuwa dhaifu ni taarifa iliyokiandika. Usahihi wa chombo una tabia ya kuwafanya watu wasiuhoji usahihi wa taarifa, kwa sababu picha ya jengo lililopigwa barabara katikati hutazamwa kama kwamba ndiyo ushahidi.

Tena ziko sababu zinazowafanya wakuu wa nchi wapende kombora la melini kuliko ndege. Hakuna rubani wa kutekwa na kuoneshwa kwenye televisheni. Hakuna haja ya kumwomba jirani ruhusa ya kutumia kiwanja chake, kwa sababu meli husimama kwenye maji ya kimataifa. Amri yaweza kutolewa asubuhi na shambulio likawa limekwisha kabla ya jioni. Urahisi huo ndio unaonitia wasiwasi, kwa kuwa hupunguza idadi ya watu wanaoulizwa kabla ya jambo kufanyika. Mwaka 2017 meli mbili za Marekani, Ross na Porter, zilirusha makombora 59 kwenye uwanja wa kijeshi wa Shayrat nchini Syria baada ya raia kuuawa kwa gesi ya sumu Khan Shaykhun. Ujumbe ulifika, lakini ndege za Syria zilikuwa zikiruka tena kutoka uwanja uleule muda mfupi baadaye. Mwezi Julai mwaka 2022, makombora ya Kalibr yaliyorushwa kutoka Bahari Nyeusi yaliupiga mji wa Vinnytsia, Ukraine, ulio mbali na uwanja wa mapigano, yakaua zaidi ya watu 20, wakiwemo watoto. Urusi ilisema mle kulikuwa na mkutano wa makamanda.

Sheria ya kimataifa haijakaa kimya. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, inayoongezea Mikataba ya Geneva, inamtaka anayepanga shambulio afanye kila linalowezekana kuhakikisha kwamba shabaha ni ya kijeshi. Marekani haijairidhia itifaki hiyo, ingawa kanuni zake nyingi inazikubali kama sheria ya mazoea.

Nasoma kidato cha sita Tabora. Kama kombora la kruzi huenda mwendo wa ndege ya abiria tu, kwa nini haliwi rahisi kutunguliwa?

Kwa sababu linakwenda chini, kijana wangu, na dunia ni mviringo. Chukua kalamu. Rada iliyo juu ya mlingoti wa mita 20, ikitafuta kombora linaloruka mita tano juu ya mawimbi, hailioni hadi lifike kilomita 28 hivi, kwa kuwa kabla ya hapo limefichwa na mkunjo wa bahari. Kombora la kupigia meli linalokwenda mita 300 kwa sekunde litaumaliza umbali huo kwa dakika moja na nusu. Ndani ya muda huo mabaharia wanatakiwa waligundue, wahakikishe si ndege ya abiria wala kundi la ndege wa baharini, watoe amri, na silaha yao ilifikie. Dakika na nusu ni nyingi kwa meli iliyo tayari. Kwa meli ambayo wahudumu wake wanadhani leo ni siku ya kawaida, ni sawa na sifuri.

Meli nyingi zilipigwa zikiwa katika hali hiyo ya pili. Tarehe 21 Oktoba 1967, boti ndogo za Misri, zikiwa palepale bandarini Port Said, zilirusha makombora ya Kisovieti ya aina ya Styx na kuizamisha Eilat, manowari ya Israeli, na mabaharia 47 walikufa. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa meli kuzamishwa vitani kwa kombora lililorushwa na chombo kingine cha majini, nasi Waafrika aghalabu husahau kwamba ukurasa huo uliandikwa kutoka bandari ya Afrika. Mwaka 1982, katika vita vya Falkland, kombora la Exocet lililorushwa na ndege ya Argentina liliichoma manowari ya Uingereza iitwayo Sheffield, watu 20 wakafa, na meli ikazama siku chache baadaye ikivutwa. Mwaka 2022 zamu ilikuwa ya Moskva, meli kuu ya Urusi katika Bahari Nyeusi, iliyopigwa na makombora ya Neptune ya Ukraine kutoka nchi kavu, ingawa yenyewe ilikuwa imebeba makombora 16 makubwa ya kuzamishia meli.

Zikiwa macho, mambo huwa mengine. Mwezi Januari mwaka 2024, katika Bahari ya Shamu, kombora la kruzi la Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, liliifikia manowari ya Marekani iitwayo Gravely hadi umbali wa kilomita moja na nusu hivi, ndipo likatunguliwa na bunduki ya melini yenye mitutu sita inayojielekeza yenyewe kwa rada. Kwa mwendo wa makombora hayo, zilikuwa zimebaki sekunde chache. Huko Ukraine makombora mengi ya kruzi yametunguliwa nchi kavu, mengine na askari wenye silaha za begani waliokaa mahali wanapojua yatapita.

Je, kuna nchi ya Afrika yenye makombora haya melini? (Msomaji, Nzega)

Zipo. Frigeti za Afrika Kusini hubeba Exocet za kupigia meli, na Misri ina makombora ya kupigia meli tangu enzi za Eilat. Kwa kupiga shabaha za nchi kavu kutoka majini, Algeria ndiyo ya kutajwa, kwani nyambizi zake zilizonunuliwa Urusi hurusha Kalibr.

Nauza pembejeo Urambo. Wateja wangu, wakulima wa tumbaku na mahindi, huniuliza kwa nini mbolea hupanda bei kila vita vinapotangazwa, nami sina jibu la kuwapa. Makombora ya huko mbali yanatuhusu vipi?

Ndugu mfanyabiashara, yanakuhusu kupitia mlango mwembamba wa bahari uitwao Bab el-Mandeb. Meli inayotoka Bahari Nyeusi au Mediterania kuja Dar es Salaam hupita Mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu. Wahouthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia meli, kampuni nyingi ziliziamuru meli zao zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, safari ambayo huongeza siku kumi hadi wiki mbili, pamoja na mafuta na mishahara ya siku hizo. Zilizokubali kupita zililipa bima ya vita iliyopanda mara kadhaa. Gharama hizo hupakiwa juu ya mfuko wa mbolea kabla haujafika kwenye ghala la Dar es Salaam, acha treni na lori la kuufikisha Urambo.

Meli ya kwanza kuzama katika mashambulizi yale, Rubymar, iliyopigwa tarehe 18 Februari 2024 na kuzama wiki mbili baadaye, ilikuwa imebeba maelfu ya tani za mbolea. Kombora lililoipiga lilikuwa la balistiki, si la kruzi, lakini kwa mkulima tofauti hiyo haina maana. Makombora ya kruzi yalikuwa yametumika upande wa pili: tarehe 12 Januari Marekani na Uingereza zilianza kuipiga Yemen, na Tomahawk zilitoka kwenye meli na nyambizi za Marekani. Maghala na rada vilipigwa, na mashambulizi dhidi ya meli yakaendelea, kwa kuwa mtambo unaobebwa na lori na kufichwa pangoni hauwi tena mahali palepale pindi kombora linapowasili saa moja baadaye.

Ngano nayo ina kisa chake. Tarehe 22 Julai 2022 Urusi na Ukraine zilitia saini mjini Istanbul mpango wa kuruhusu nafaka ya Ukraine isafirishwe. Kesho yake makombora ya Kalibr yaliipiga bandari ya Odesa, mojawapo ya bandari zilizotajwa kwenye mpango huo. Urusi ilisema ililenga chombo cha kijeshi. Meli za nafaka zilianza kuondoka mwanzoni mwa Agosti, lakini mwenye meli anayesoma habari ya namna hiyo hudai malipo zaidi kabla ya kuileta meli yake bandarini hapo.

Naendesha winchi bandarini Kigoma. Manowari ikimaliza makombora yake katikati ya bahari, hupakiaje mengine?

Kwa kawaida haipakii, ndugu yangu, hurudi bandarini. Manowari ya Marekani ya daraja la Arleigh Burke ina mashimo 90 au 96 ya kurushia, kutegemea mwaka ilioundwa, lakini hayo hugawanywa kati ya Tomahawk na makombora ya kujilindia, kwa hiyo haiendi vitani na Tomahawk 96. Tomahawk moja hugharimu takribani dola milioni 2, na kiwanda hakitoi nyingi kwa mwaka. Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991 zilirushwa 288. Siku ya kwanza ya mashambulizi ya Libya, tarehe 19 Machi 2011, zilirushwa zaidi ya 110.

Wewe wa winchi utaiona shida ilipo kuliko waandishi. Kasha lina urefu wa zaidi ya mita sita na uzito unaokaribia tani tatu, nalo lazima lining'inizwe wima, lielekezwe kwenye shimo linaloliacha nafasi ndogo sana kila upande, na literemshwe taratibu hadi chini bila kugonga ukingo. Gatini, maji yakiwa yametulia, ni kazi ya uangalifu. Kwenye bahari kuu, meli mbili zinayumba kila moja kwa namna yake, na kasha linaning'inia kati yake. Wamarekani waliwahi kuweka kreni ndogo kwenye manowari zao kwa ajili hiyo, wakaziondoa kwa sababu zilikuwa za polepole na za hatari. Mwezi Oktoba mwaka 2024, nje ya pwani ya California, walijaribu mtambo mpya kwenye meli iitwayo Chosin: kasha tupu lilivutwa kwa kamba kutoka meli ya ugavi, likapitishwa juu ya reli zilizowekwa sitahani, likasimamishwa na kuteremshwa shimoni huku meli zote mbili zikiendelea na safari. Hadi mtambo huo utakapoenea, manowari iliyomaliza makombora yake Bahari ya Shamu italazimika kuondoka na kwenda kutafuta gati lenye kreni.